Barua kwa Mwanaidi kuhusu ukumbi wa mama

Majengo, Mombasa
Jumapili jioni

Kwa mpenzi dada yangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa na afya njema huko Lamu. Sisi hatujambo, ila joto la kaskazi mwaka huu limetushika pabaya. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Salma na unayo haki ya kuninunia, lakini naomba deni hilo uniwekee hadi tuonane, kwa kuwa jambo linalonifanya nishike kalamu leo halingojei, na linahitaji mdomo wa shemeji zaidi hata ya wako.

Kaka Athumani anataka nisilee tena watoto wa watu katika nyumba ya marehemu mama. Amepata mtu anayetaka kuukodi ukumbi wa mbele pamoja na chumba cha pembeni afungue duka la simu, na amemwahidi jibu ifikapo Ijumaa ijayo. Kwa kuwa nyumba ni ya urithi, yeye hawezi kuniamuru kufunga, wala mimi siwezi kumkatalia peke yangu; na Ami Bakari, ambaye ndiye angetuamua, unajua mwenyewe kwamba akiulizwa jambo hujibu kwa kuomba kahawa.

Hoja ya kwanza ya kaka ni kwamba ukumbi unanuka mkojo. Hiyo sikumjibu, kwa heshima tu, maana mimi na wewe tunamjua vizuri aliyekuwa akiukojolea ukumbi huohuo hadi alipoanza madrasa. Hoja ya pili ni fedha, na hapo nakiri kwamba hasemi uongo. Natoza shilingi 150 kwa mtoto kwa siku, na katika hizo hutoka uji wa wimbi wa asubuhi, mseto wa pojo wa adhuhuri, tunda, sabuni, ujira wa Mishi anayenisaidia, na maji, ambayo bomba likikauka hununuliwa kwa madumu kutoka kwa mwenye mkokoteni kwa bei anayoitaka yeye. Wapo wazazi wanaolipa kila jioni kwa simu kabla hata hawajavaa viatu vya mtoto, na wapo wanaoniambia wiki nzima kwamba mshahara umechelewa. Masika yakianza na wageni wakipungua hotelini, akina mama wanaofanya kazi huko hurudishwa nyumbani, nami hubaki na nafasi tupu ambazo siwezi kuzijaza kwa haraka. Yupo pia aliyeniambia uso kwa uso kwamba bei ni kubwa kwa mtu ambaye "yuko nyumbani tu".

Huyu anayesema niko nyumbani tu ningependa aje siku stima zikipotea. Maziwa ya mama ninayoletewa asubuhi huja katika chupa ndogo, nami hubandika kila chupa kipande cha plasta chenye jina la mtoto na saa yalipokamuliwa, kwa sababu maziwa hayo hayafai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 4 hata joto likiwa nyuzi 25, na ukumbini kwetu mwezi huu joto linapita 30. Friji ikizimika, Mishi hukimbia kununua barafu kwa yule kijana wa samaki, nami huku nakinga chupa kwa mtungi wa maji baridi, mmoja analia begani, mwingine ameshaifikia ndala yangu na kuitia mdomoni. Kisha kuna leso. Nimewaomba akina mama wote waniachie leso waliyolala nayo, isiyofuliwa, kwa kuwa mtoto mchanga hutulia akiwa karibu na harufu ya mamake. Naitundika ukutani karibu naye, wala siiweki usoni, na kila mmoja namlaza chali, bila mto. Mambo haya hayaonekani kwa mtu anayepita barazani.

Sasa turudi kwa kaka, maana hoja yake ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Anasema kwamba mtoto wa watu akiumia ndani ya nyumba yetu, jina litakaloharibika ni la mama, naye keshalala kaburini. Hofu hiyo ni ya haki na siwezi kuicheka. Kisima cha uani nimekifunika kwa mbao na kufuli, jiko nimelihamishia nyuma ya kilango, na simpokei mtoto asiyekuja na kijitabu cha kliniki, nione kama amepata chanjo ya surua ya miezi 9, na ile ya miezi 18 kwa aliyefikia umri huo. Mama mmoja aliondoka kwa hasira kwa sababu ya kijitabu hicho, akasema nimejifanya daktari. Mwingine alimleta mtoto amempa dawa ya homa alfajiri ili joto lishuke mlangoni, na saa nne mtoto akawaka, na simu ya mama haipatikani. Nambari ya pili ya jamaa sasa ni sharti, na wakizidi idadi ambayo mimi na Mishi tunaiweza kwa mikono yetu minne, nakataa, hata mtu akilia.

Lakini Mwanaidi, kaka hakuuliza hata mara moja watoto hawa wataenda wapi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3, kliniki inamhimiza anyonyeshe bila kuchanganya na kitu kingine kwa miezi 6, na chekechea inampokea mtoto akiwa na miaka 4. Kati ya miezi 3 na miaka 4 mtoto hushikwa na nani? Katiba ya 2010 imetaja vituo vya kulelea watoto miongoni mwa kazi za kaunti, lakini hapa mtaani anayepokea mtoto saa kumi na mbili asubuhi ni bibi yake, au jirani, au mimi. Yupo anayeuza ndizi Marikiti, ambaye kabla ya kuja kwangu alimlaza mwanawe chini ya meza, kati ya mikungu. Yupo anayesafisha vyumba vya hoteli Diani, na jioni feri ya Likoni ikikwama humkalisha mwanawe kwangu hadi baada ya Isha. Huyo nimemtoza nyongeza mara chache tu, na kaka ananilaumu kwa hilo pia, labda kwa haki. Na ajabu ni kwamba ndiye yeye, kila arusini akipewa nafasi ya kunena, husema "kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana", na watu wakampigia vigelegele.

Niko tayari kukubaliana naye. Chumba cha pembeni achukue, akikodishe kwa mwenye simu, mradi ukumbi na uani vibaki kwangu, nami nitatia kiasi cha kodi kila mwezi katika fungu la familia ili asiseme nakula urithi peke yangu. Nilitaka kumweleza hayo Ijumaa iliyopita, lakini alikuja na huyo mpangaji wake, wakaanza kupima ukuta kwa futi, nikaona nikifungua mdomo… basi, unanijua.

Ninachoomba ni shemeji ampigie simu kabla ya Ijumaa. Je, bado wanasikilizana, au ule mkasa wa mashua haujaisha? Ungeona vibaya nikimwandikia shemeji mwenyewe? Na wewe uliyekaa na watoto wa chekechea miaka mingi, waonaje nikipandisha malipo hadi 200, akina mama watanihama? Wazazi wanaochelewa mlikuwa mkiwafanyaje? Goti lako je, umerudi kwa daktari au bado unajipaka mafuta ya bibi?

Nijibu hata kwa ujumbe mfupi, ila usimpitishie Salma, atamwambia kaka kabla yako.

Wasalaam,
Dada yako Rukia