Jibu la swali lako la faini

Kigoma, Mwanga

Ndugu yangu Shabani,

Habari za Tabora? Huku wazima, ila mvua imezidi na dagaa wamepanda bei. Wasalimie shemeji na watoto.

Nimesoma ujumbe wako nikacheka, kisha nikaona swali si la kipuuzi. Umepigwa tochi ya mwendokasi ukitokea Nzega, umeandikiwa faini ya shilingi 30,000, umelipa kwa simu. Sasa fomu ya viza ya Marekani inauliza kama uliwahi kukamatwa, nawe umekwama hapo.

Hukukamatwa, bwana. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 11, inataka anayekukamata akuguse mwili au akuzuie, labda uwe umejisalimisha mwenyewe kwa neno au kitendo. Yule trafiki alichukua leseni, akabonyeza kimashine chake, kikatoa karatasi, akakuruhusu uendelee na safari. Na kama ungelipinga kosa, ungekuwa na haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Hata gari likilazwa kituoni, lililolala ni gari.

Huko kwao nako wanatofautisha. Polisi wa jimbo la Iowa alimwandikia dereva mmoja, Knowles, karatasi ya mwendokasi, halafu akapekua gari zima. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia polisi huyo: umemwandikia tu, hukumkamata, kwa hiyo mamlaka ya kupekua kama umemkamata huna. Lakini usishangilie sana. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo ilisema ni halali mama mmoja wa Texas kutiwa pingu na kuwekwa mahabusu kwa sababu ya kutofunga mkanda wa gari, kosa ambalo faini yake wakati ule haikuzidi dola 50! Kwa hiyo hawatazami ukubwa wa kosa, wanatazama polisi alikufanya nini.

Sasa hapo ndipo ninapokushika shati. Ile faini isikunyime usingizi. Tunza risiti, ofisa wa ubalozi akiuliza mweleze. Lakini ule usiku wa ugomvi wa baa uliolala lupango? Najua walikuachia asubuhi bila kesi, na hata shemeji hajui. Huko ndiko kukamatwa, Shabani. Hiyo iandike, maana kuficha ndiko kutakakokunyima viza, si ule ugomvi.

Soma swali lote kabla hujatuma, linauliza pia kama uliwahi kutiwa hatiani. Na asali yangu usisahau, kuna mtu wetu anapanda treni ya huku Ijumaa.

Wako,
Hamisi