Kumnyima ganzi si maadili

Mhariri,

Naandika kuhusu wanawake wanaofika hospitalini wakitokwa damu baada ya mimba kutoka au kutolewa, na jinsi baadhi yetu tunavyowaadhibu. Naona kutoa mimba ni jambo zito, na uzito huo huongezeka kadiri mimba inavyokua. Katika kazi hii ya ukunga wapo wanaoliita dhambi tangu siku ya kwanza, na wapo wanaosema ni haki ya mwanamke, basi. Hatutakubaliana leo wala kesho. Lakini mlango wa kizazi ukishafunguka na mabaki ya mimba yakawa njiani, hakuna tena mimba ya kuokoa. Wa kuokoa ni mama. Uhai unaanza lini, tubishane baadaye, nje ya wodi.

Kinachoudhi ni lile swali analoulizwa mapokezi: "Umefanya nini wewe?" Mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa kwa vidonge huonekana sawa, na vipimo vya kawaida vya damu havionyeshi kama mtu alimeza misoprostoli, yaani vidonge hivyo. Tiba nayo ni ileile. Ikiwa mimba haijafika wiki 14, ni bomba la kunyonya mabaki kutoka kwenye kizazi, au mikrogramu 600 za misoprostoli kwa mdomo kama hali yake ni tulivu na hana dalili za maambukizi.

Kuuliza kuna maana pale tu jibu linapobadilisha tiba. Kama aliingiziwa kijiti au waya, anahitaji kinga ya pepopunda na antibiotiki kabla ya kusafishwa, na tumbo lake lipapaswe kwa makini. Likiwa gumu kama ubao, au maumivu yakipanda hadi begani, yawezekana kizazi kimetoboka na damu inamwagikia tumboni. Huyo ni wa chumba cha upasuaji. Ukikimbilia kupitisha bomba unaweza kuvuta utumbo kupitia tundu hilo. Sasa mtishie polisi uone: atakuambia aliteleza bafuni, na hakuna atakayelitafuta tundu. Vitisho vyetu ndivyo vinavyotunyima habari tunayoihitaji ili asife.

Halafu ganzi. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kupitisha bomba, kisha lignokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1, mililita 20, huchomwa kuzunguka mlango wa kizazi, na unasubiri dakika chache ishike. Kazi yenyewe kwa kawaida haizidi dakika kumi. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa makusudi, "ili asirudie tena". Hiyo ni adhabu, na hakuna chuo cha uuguzi kinachofundisha kuadhibu. Isitoshe ni ujinga wa kikazi: mgonjwa anayejirusha kitandani kwa maumivu ni rahisi zaidi kumjeruhi. Na wanaoendelea kukwangua kizazi kwa chuma badala ya bomba wajue kwamba Shirika la Afya Duniani linataka njia hiyo iachwe.

Kumweka mwisho wa foleni nako ni hukumu ya kimyakimya. Anayelowesha kabisa pedi mbili kubwa kwa saa, saa mbili mfululizo, hana muda wa kusubiri. Tusidanganywe na presha. Mwili wa msichana huibana mishipa na kuishikilia presha mpaka damu nyingi imeshapotea, kisha huporomoka ghafla. Mapigo ya moyo hutangulia kusema. Yakipita 110 kwa dakika, wekeni dripu na mtafute kundi lake la damu, hata kama presha bado inaonekana nzuri.

Asiyetaka kutoa mimba kwa sababu ya dhamiri yake, aachwe. Aseme mapema na ampeleke mgonjwa kwa mwenzake. Ila dhamiri hiyo inahusu tendo la kutoa mimba. Kuzuia damu isimwagike ni tendo jingine, na kwenye dharura hata miongozo ya FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, haimruhusu mtu kukwepa.

Jambo moja huwa linasahaulika kabisa. Yai linaweza kupevuka tena siku 8 tu baada ya mimba kutoka, hata kabla hajaona hedhi. Vipandikizi au sindano anaweza kupata siku hiyohiyo, na kitanzi pia ikiwa hana maambukizi. Mara nyingi anarudishwa nyumbani na mahubiri tu, bila hata kuulizwa kama angependa njia ya uzazi wa mpango, tena na walewale wanaosema wanachukia utoaji mimba.

Wako,
Muuguzi mkunga