Hewa ya Njiro si hewa ya Unga Limited

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya semina ya hewa safi, yenye picha ya washiriki wamejipanga kwenye ngazi za hoteli, imenifanya nishike kalamu. Gazeti lenu nalisoma tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na mengi nimeyaacha yapite. Hili la mtaalamu kusema hewa chafu haibagui tajiri wala maskini, nanyi mkaliandika kwa herufi kubwa, limenishinda.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, katikati ya mashine ya kusaga na gereji inayopuliza magari rangi. Nguo za wateja nazifunika kanga kutwa, na jioni bado nazikung'uta. Baadhi ya wateja hao wanakaa Njiro. Kwao kuna lami, kuna miti, madirisha yanafungika, na mkaa wanaukumbuka siku ya nyama choma. Sasa haibagui vipi?

Mwezi wa saba, na baridi ya Arusha mnaijua, jiko huingia ndani. Msiniambie ni ujinga, chumba ni kimoja na mtoto anatetemeka. Usiku mmoja mjukuu wangu kifua kikambana, mbavu zinaingia ndani, analia sauti haitoki. Bodaboda kwa bei ya usiku. Zahanati ya kulipia, maana ndiyo iliyokuwa wazi. Kufungua faili hela, kuvutishwa dawa hela, kile kidude cha kwenda nacho nyumbani hela. Kisha daktari, kijana mstaarabu tu, akaniuliza tunapikia nini, akanishauri niache mkaa, nikae mbali na vumbi, na ikiwezekana nihame. Nihamie wapi, Mhariri? Hela niliyokuwa nadunduliza kujazia gesi ndiyo hiyo niliyoiacha dirishani kwa keshia. Kesho yake sikushona, nilikuwa nimempakata mtoto, na mteja wa sare akachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Wiki ile tulipikia nini, basi? Mkaa, tena wa kopo, ambao ukiujumlisha unakuwa ghali kuliko wa mwenye uwezo wa kununua gunia. Mtungi wa gesi ninao, ule mdogo wa kilo 6, tuligawiwa bure mbele ya kamera. Uko pembeni, naegeshea pasi, na pasi yenyewe ni ya mkaa. Kuujaza ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, wakati mimi hela yangu inaingia elfu mbili mbili za kupunguza suruali.

Taarifa yenu ilieleza vizuri tu kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha vumbi laini, lile linalopenya mapafu hadi kwenye damu, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mwaka hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ahsanteni. Mbona hamkuuliza huku kwetu zinasoma ngapi? Binti yangu alinisomea kwenye simu habari za mtoto wa London, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyefariki kwa pumu mwaka 2013 akiwa na miaka 9. Waliishi jirani na barabara yenye foleni za magari. Mama yake hakunyamaza, na Desemba 2020 ofisa anayechunguza vifo akatamka wazi kwamba hewa chafu ilichangia. Huku mtoto akienda kwa kifua tunaambiwa nimonia, tunachanga, tunazika.

Na maadamu nimeanza, hili la gari la maji nalo liandikeni. Barabara yetu ya vumbi humwagiwa maji asubuhi ya siku anayopita kiongozi. Maji yapo, gari lipo, dereva yupo! Msafara ukishapita, tunarudi kula vumbi hadi ziara nyingine.

Nasikia pia upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Naomba mniulizie kama mimi nimehesabiwa kwenye hiyo 80 au kwenye ile 20. Dar es Salaam wapo wanaopikia gesi yenye mita, unalipia kwa simu kadiri ulivyopata siku hiyo. Ileteni hiyo Unga Limited kabla ya kutuletea mtungi mwingine wa kupigia picha.

Semina ijayo nayo isifanyike hotelini. Ije hapa kwetu, saa saba mchana, mwezi wa tisa, viti vya plastiki nitaazima kanisani. Gereji iombwe isisimamishe kazi kwa heshima ya wageni. Chai ya washiriki nitaipika mwenyewe, kwa mkaa, humo humo ndani, na mlango tutaufunga kwa sababu ya vumbi.

Fundi cherehani,
Unga Limited, Arusha