Pamoja na bei ya sangara, tupeni kipimo cha maji ya ziwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hutuletea bei ya sangara na dagaa pale mwaloni Kirumba. Naomba mtuongezee kipimo kimoja tu: mwezi huu jicho linaona hadi kina gani ndani ya maji ya Ziwa Victoria? Sababu yangu inaanzia kwenye tangi la kioo lililoko sebuleni kwangu, hapa Nyegezi.

Humo ninafuga furu wa miambani, wa visiwa vya Ghuba ya Mwanza. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Jike ni wa kahawia iliyofifia, hata wageni hudhani ni samaki wa aina nyingine. Wataalamu walimpa jina la nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu, na leo huitwa Pundamilia nyererei, jambo ambalo huwasimulia watoto wote wanaokuja kuchungulia.

Dume hulinda pango lake la mawe kutwa nzima. Akishindwa na mwenzake, rangi humtoka palepale ukadhani ameugua. Akishika tena himaya, wekundu nao hurudi. Jike akisogea, dume hutandaza mapezi na kutetemeka mbele yake. Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, ana madoa ya manjano yanayofanana kabisa na mayai. Jike hutaga, akageuka na kuyaokota mayai yake kwa mdomo, kisha huyafuata na yale madoa akitaka kuyaokota pia. Hapo ndipo anapopata mbegu za dume, na mayai hutungwa yakiwa mdomoni. Tangu hapo hali chakula. Kwa muda wa wiki mbili tatu hivi kidevu kimemjaa, na majirani huniambia yule samaki wako anaumwa. Vitoto vikishatoka, peleka mkono kwenye kioo uone: vyote hukimbilia kwa mama, naye anafunga mdomo. Nimeliona hilo mara nyingi, na bado huacha kazi niliyonayo nikaangalie.

Sasa, jike huyu anachagua mume kwa macho. Kwenye miamba yetu yuko furu mwingine, wa bluu, ambaye umbo lake ni karibu lilelile. Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti hapa hapa Mwanza, walieleza mwaka 1997 kwamba penye maji maangavu wekundu na wa bluu hubaki mbalimbali, lakini penye maji mazito majike hawatambui tena rangi, na aina mbili huishia kuchanganyika. Samaki hawafi. Wanaendelea kuzaana, ila aina inapotea bila mvuvi yeyote kuokota mzoga.

Tumezoea kumlaumu sangara, na ni kweli aliwala furu wengi mno miaka ya 1980. Lakini tope si la sangara. Linashuka na Mto Mirongo unaokatiza mjini, linatoka kwenye mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, na maji taka pamoja na mbolea vinastawisha ule mwani wa kijani tunaouona ufukweni. Ninapochelewa kubadilisha maji ya tangi nina uwezo wa kuyabadilisha kesho yake. Ziwa halina ndoo ya kulibadilishia.

Kupima hakuhitaji mashine. Funga sahani nyeupe yenye uzito kwenye kamba iliyotiwa alama za mita, ishushe ubavuni mwa mtumbwi, na pale inapopotea machoni soma kamba. Wanachuo wa uvuvi hapa Nyegezi wanaweza, na wavuvi wa Luchelele pia wanaweza. Kipimo kichukuliwe mchana, jua likiwa juu, mara moja kwa mwezi, mahali palepale: Mirongo unapoingilia ziwani, Capri Point, na katikati ya ghuba. Kisha mchapishe chini ya bei ya sangara, mwezi hadi mwezi, ili tukienda kuuliza habari za mifereji na maji taka tuwe na tarakimu mkononi.

Sahani na kamba nitatoa mimi.

Mfuga furu,
Nyegezi, Mwanza