Kabula, usilichome moto lile jiwe

Castelo Branco, Ureno
10 Mei

Kabula mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie ile dawa ya magoti nimeipata, itakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao. Mimi ni mzima, kazi inasonga, baridi imeondoka na sasa jua limeanza kutuonesha kazi.

Ujumbe wako kuhusu kiwanja nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema fundi ameshakutajia bei ya kulivunja lile jabali la nyuma: kuni na matairi ya kulichoma, maji ya kulimwagia lipasuke, halafu vijana wa nyundo na tarimbo. Na kokoto zitakazopatikana utaziuza, zirudishe sehemu ya gharama. Hesabu yako nimeielewa. Ila nakuomba umwambie fundi asubiri kwanza, maana nimetoka mahali ambapo muda wote nilikuwa nakuwaza wewe na hicho kiwanja chako cha mlimani hapo Mwanza.

Panaitwa Monsanto. Ni kijiji cha mashariki kabisa mwa Ureno, karibu na mpaka wa Hispania, katika wilaya ya Idanha-a-Nova. Unapita tambarare ya mizeituni na malisho ya kondoo, mara unaona mlima umesimama peke yake katikati ya nchi iliyolala. Ukisogea, unagundua kwamba yale uliyodhani ni mawe matupu yana madirisha. Kabula, nilicheka peke yangu ndani ya gari. Ni Mwanza! Ondoa ziwa, ondoa mabati, weka vigae vyekundu, hiyo ni mitaa yetu ya mlimani, Mabatini au Igogo kabisa.

Watu wa pale wamejenga katikati ya majabali kwa karne nyingi, na hawakuhangaika kuyaondoa. Jiwe likiwa upande wa kulia wa kiwanja, basi huo ni ukuta wa kulia. Yakiwa mawili yameachana, unajenga mbele na nyuma, unapaua, unahamia. Kuna nyumba moja maarufu wanayoiita nyumba ya kigae kimoja, kwa sababu paa lake ni jabali moja tu lililolala juu ya kuta. Hata mazizi ya nguruwe waliyajenga hivyo hivyo, ya mawe, yamejibanza chini ya miamba. Njia zenyewe zinapinda kufuata mawe, na kuna mahali unainama kupita chini ya jabali lenye ukubwa wa Hiace mbili, huku ukiomba Mungu lisichague saa hiyo kujigeuza.

Sasa nikueleze nyumba moja ambayo niliikagua kama mkaguzi wa manispaa, hadi mwenyewe, bibi mmoja mwenye gauni jeusi, akatoka kunitazama. Nikamwonesha kwa mikono kwamba naangalia ujenzi, akacheka, akanivuta ndani. Ukuta wa mbele ni wa matofali ya mawe ya kuchonga, itale (granite) ile ile ya mlima. Pale ukuta unapokutana na jabali, mawe yamechongwa kufuata mbonyeo wa jabali, moja moja, mpaka kidole hakipiti. Halafu tazama juu: sentimita chache kutoka pale paa linapogusa mwamba, wamechonga mfereji mwembamba kwa tindo, umeinama kidogo kuelekea njiani. Mvua ikiteremka juu ya jabali inaukuta ule mfereji, inaufuata, inamwagika nje. Isingekuwa hivyo maji yote yangeingia ndani kwa kutambaa kwenye mwamba, na hiyo ndiyo shida uliyoniambia ya nyumba ya mjomba wako. Boriti za paa nazo hazikuegemezwa tu, zimeingizwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye jabali lenyewe.

Ndani, jabali limeachwa wazi. Hakuna lipu. Bibi ametundika sufuria zake kwenye ukuta wa pili, ule wa kujengwa, wala hakugusa upande wa mwamba. Chini, pale mwamba unapokutana na sakafu, kuna mtaro mdogo wa upana wa viganja viwili unaopita kando ya ukuta na kutokea chini ya mlango. Nilipomwuliza, kwa Kireno changu cha kuokoteza, akaliwekea jabali kiganja, akafanya ishara ya kujifuta jasho usoni. Linatoka jasho masika. Ndiyo maana ya mtaro, na ndiyo maana ya kutolipiga lipu, maana lipu ingebanduka kila mwaka. Kiangazi huku joto linapita nyuzi 35, lakini mle ndani nilitamani mtandio.

Kuhusu mawe yenyewe, nimejisomea kidogo kwa sababu nilitaka kujua kama kweli ni ndugu wa mawe yetu. Kwa umri si wenza: itale ya Monsanto ina miaka kama milioni 310, ya Mwanza imepita bilioni 2.5, sisi ndio wazee. Lakini yamezaliwa kwa njia moja. Mwamba mkubwa uliokuwa chini ya ardhi una nyufa za wima na za mlalo. Maji yanapenya kwenye nyufa, yanaula mwamba pole pole kuanzia pembeni, na pembe zinaliwa kwanza kwa sababu zinashambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Kinachobaki ni kiini cha mviringo kilichozungukwa na changarawe laini. Baadaye mvua inaosha changarawe yote, na viini vinabaki juu vimepandana, kama mawe ya Bismarck pale ziwani Mwanza. Hakuna jitu lililoyapanga, ingawa tulipokuwa wadogo babu yako alituapia kwamba lipo.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Kutokana na maelezo hayo, majabali yako ya aina mbili. Kuna ambalo bado limeshikana na mwamba mama chini, hilo halina pa kwenda. Na kuna lililokalia mwamba mwingine, au lililokalia udongo. La udongo ndilo la kuogopa, kwa sababu mvua kubwa ikiuondoa udongo chini yake, linateremka kwa majirani. Kabla hujaamua lolote, hilo lako lijulikane ni la aina gani. Kwa macho yangu ya mwaka juzi lilionekana limeshikana, lakini macho yangu si kipimo. Mtafute mhandisi au mtu wa jiolojia alitazame, hata kama atataka hela ya nauli na soda. Na kama ni la udongo, basi kulichoma moto ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ufa hauendi unapotaka wewe. Unachoma hapa, linapasukia kule, na kipande kinachong'oka hakikuulizi chini kuna nyumba ya nani.

Usije ukadhani Monsanto ni peponi. Kilele chake kina urefu wa mita 758, na juu kabisa kuna ngome. Mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, aliwapa mahali hapo mashujaa wa Hekalu (Templars, watawa wa Kikristo waliokuwa wapiganaji) mwaka 1165, na mkuu wao Gualdim Pais ndiye aliyeijenga. Ndiyo sababu watu waling'ang'ania mawe: vita vya mpakani havikuisha, na juu ya mawe adui hafiki kirahisi. Ngome ikaja kubomolewa na baruti yake yenyewe, ghala lililipuka karne ya 19. Kila tarehe 3 Mei, au Jumapili inayofuata, wanakijiji wanapanda huko kusherehekea. Hadithi yao ni kwamba zamani walizingirwa na maadui hadi chakula kikaisha, wakabaki na ndama mmoja na ngano kidogo. Wakamlisha ndama ile ngano, wakamtupa ukutani akapasuka mbele ya adui. Adui kuona ndama ameshiba ngano akasema hawa bado wana akiba, akaondoka. Siku hizi ndama ameokoka, wanatupa vyungu vya maua. Akina mama wanaimba huku wanapiga adufe, ngoma ya mraba yenye ngozi pande mbili, iliyoachwa na Waarabu walioitawala nchi hii zamani. Ni ukoo mmoja na dufu la maulidi, ila hii ina kona nne na wanaoipiga ni wanawake. Nilikuwa katikati yao nikipiga makofi, na wala sikupoteza mdundo.

Lakini nilianza kusema si peponi. Mwaka 1938 serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno wa wakati huo, kupitia ofisi yake ya propaganda, iliendesha mashindano ya kutafuta kijiji chenye Ureno zaidi ya vyote. Monsanto ikashinda, ikapewa jogoo wa fedha, na mfano wake upo hadi leo juu ya mnara wa saa. Mimi jogoo yule simpendi sana. Utawala ule ulipenda wanakijiji wawe maskini, watiifu na wapendeze kwenye picha. Tuzo ilikuja, lakini kazi haikuja, na vijana wakaondoka kwenda Lisbon, Ufaransa na Ujerumani. Leo milango mingi imefungwa, wakazi wengi ni wazee, na nyumba kadhaa zimekuwa za wageni wa kulala usiku mmoja. Mwaka 2021 walikuja hata watu wa tamthilia za televisheni zenye majoka, wakapiga picha zao, wakaondoka.

Kinachoniudhi, nikuambie ukweli, ni kwetu. Ujenzi huo huo, akili hiyo hiyo ya kuliegemea jabali, huku wanaulipia kiingilio cha macho, kule Mwanza mtu akijenga hivyo anaambiwa kajenga kiholela, na anasubiri alama ya X nyekundu ukutani. Najua, si haki kulinganisha moja kwa moja. Kule juu hakuna barabara, mama anapanda na ndoo kichwani, choo kinachimbwa wapi kwenye mwamba, na gari la zimamoto haliwezi kufika. Hayo ni matatizo ya kweli na hayaondoki kwa sababu mimi nimependa nyumba ya bibi wa Monsanto. Ila hakuna hata moja kati ya hayo linalotatuliwa kwa kuchoma jabali. Ukilichoma utabaki na shimo, kilima kisicho na choo, na bili ya tofali kwa ukuta ambao ulikuwa unao bure.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki. Chumba cha nyuma, kile ulichotaka kiwe stoo na jiko, kiegemeze kwenye jabali. Unapunguza ukuta mzima, na upande huo huhitaji msingi. Usichimbe chini ya jabali hata kidogo, upande wa bonde hasa. Mwambie fundi achonge mfereji juu ya usawa wa bati kabla hajapaua; akishapaua hatauchonga tena, unawajua. Pale bati linapokutana na mwamba asitie saruji tupu, itapasuka joto na baridi zikipishana, atafute kitu kinachonyumbuka. Mtaro wa ndani usisahau. Na chumba cha kulala watoto kiweke upande wa mbele, mbali na unyevu, maana kifua cha Juma nakijua.

Nitumie picha za jabali: moja kutoka juu, moja kutoka kwa jirani wa chini, na moja ya pale linapoingia ardhini, baada ya kufagia majani. Weka mtu asimame kando ili nijue ukubwa. Kuna kijana wa Moshi hapa anasomea uhandisi ujenzi, nimeshamwambia habari zako na amekubali kuzitazama, ingawa amesema hatasaini chochote.

Kama fundi ameshapokea malipo ya awali, yahamishie kwenye kazi ya kuchonga. Akikataa niambie, nitampigia mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na dagaa usisahau kunifungia atakapokuja mtu.

Wako,
Nyamizi