Stábile hakuwa wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Chemsha bongo yenu ya michezo Jumapili iliyopita iliuliza ni nani wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Jibu mlilochapa ni Guillermo Stábile wa Argentina. Naam, Stábile aliwafunga Mexico matatu tarehe 19 Julai 1930. Lakini siku mbili kabla, mjini humo humo Montevideo, kijana wa Kimarekani wa miaka 20, Bert Patenaude, alishaitandika Paraguay matatu: dakika ya 10, ya 15 na ya 50. Mechi ikaisha 3-0.

Siwalaumu sana, kwa sababu hata FIFA walikosea kwa miaka 76. Bao la pili ndilo lililozua utata. Kuna kumbukumbu zilizompa nahodha wa Marekani, Tom Florie, na nyingine zikadai Mparaguay alijifunga. Watafiti wakafukua magazeti ya enzi zile na maelezo ya wachezaji wenzake Patenaude, na tarehe 10 Novemba 2006 FIFA wakamrudishia bao lake. Mwenyewe hakulishuhudia hilo. Alifariki 4 Novemba 1974, siku aliyotimiza miaka 65.

Kuna watakaosema Mmarekani alibahatisha tu. Bahati gani hiyo? Patenaude alizaliwa Fall River, Massachusetts, mji wa viwanda vya nguo uliojaa wahamiaji, ambako mpira wa miguu ulikuwa na wenyewe, na timu ya mji, Fall River Marksmen, ilikuwa tishio nchi nzima. Mwaka 1931, katika mechi ya kwanza ya fainali ya kombe la taifa, alifunga matano peke yake Chicago Bricklayers walipolala 6-2. (Siku hiyo timu yake ikiitwa New York Yankees. Wa besiboli ni wengine.) Timu ya taifa aliichezea mechi nne tu, zote mwaka 1930, akaondoka na mabao sita.

Basi naomba toleo lijalo mrekebishe. Waliojibu Stábile msiwanyang'anye zawadi zao, walifuata vitabu vya zamani. Ila kama yupo aliyeandika Patenaude mkamkata, naye mtafuteni mumpe yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga