Mtandao wa kijiji uwe mali ya wanakijiji

Mhariri,

Vijana wanaofanyia waajiri wa mbali kazi za kutafsiri na kuhudumia wateja wakiwa vijijini hununua bando kila uchao, na bado mawasiliano hukatika katikati ya kikao, kwa kuwa kampuni za simu hazioni faida ya kujenga mnara palipo na wateja wachache. Huko Mankosi, Afrika Kusini, wanakijiji waliunda ushirika wa Zenzeleni, wakafunga vifaa vya Wi-Fi na sola majumbani mwao, na umeme huohuo ukachaji simu za majirani kwa malipo. Hapa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano iliweka mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa mitandao ya intaneti inayomilikiwa na jamii. Kilichobaki ni mtaji. SACCO zetu, zinazokopesha pikipiki bila kusita, zivikopeshe vikundi antena na betri.

Msomaji wenu,
Kitui